Kamati ya Kuchomekea Shati

Naapa mbele ya Bikira Maria wa Altagracia, na mbele ya mke wangu ambaye naye hana mzaha, kwamba haya yote yalitokea hapa hapa Hato Limón, kwa mpangilio huuhuu, na sijatia chumvi hata punje. Mahali nilipopunguza, nilipunguza kwa heshima ya wakubwa. Anayebisha aje abishe, kiti kipo na kahawa iko jikoni.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi Machi, bendera ikiwa imeshapanda mlingoti na wimbo wa taifa umeshaimbwa, Mkuu wa Shule ya Sekondari ya Sinforoso Batista, Lisensiado Fulvio Peguero, kama wanavyoitwa hapa wenye shahada, alipanda juu ya kreti ya soda iliyofunikwa kitambaa cheupe na kutangaza kwamba shule yake imefuta mimba.

Hakusema imepunguza. Alisema imefuta. Alisema hivyo kwenye kipaza sauti ambacho hakikuwa na umeme tangu Ijumaa, lakini alikishika vilevile, kwa sababu ya itifaki.

"Kuanzia leo," alinguruma, "shule hii inaingia katika historia ya taifa kama taasisi yenye kiwango cha sifuri!"

Wanafunzi walipiga makofi, maana walifikiri kipindi cha kwanza kimefutwa pia.

Fulvio alikuwa na sababu nzuri ya kutangaza. Kiti cha Mkuu wa Elimu wa wilaya kilikuwa wazi tangu Krismasi, na jedwali la wilaya lilikuwa na safu ya mimba. Shule nyingine zilikuwa na nne, sita, moja ilikuwa na kumi na moja na haikuona haya. Mwenye sifuri angeonekana kutoka mbali. Naibu Waziri mwenyewe alikwishaahidi kuja na runinga, kukabidhi bango la shaba lililoandikwa Shule Isiyo na Mimba.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo, nacho kilikuwa kinakua kila wiki. Yokeiri Alcántara, miaka kumi na saba, darasa la mwisho, wa kwanza katika hesabu miaka mitatu mfululizo, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sheria ya nchi inakataza kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya mimba. Fulvio aliiheshimu sana sheria hiyo. Aliitia kwenye fremu na kuitundika juu ya kabati la ofisini, mahali ambapo mtu angehitaji ngazi ili aisome. Kwa hiyo hakumfukuza mtu. Aliunda kamati.

Iliitwa Kamati ya Kudumu ya Kumsindikiza Mwanafunzi Mwenye Ongezeko la Muda. Kumsindikiza hadi wapi, hati haikusema. Wajumbe walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa Fulvio. Wa pili alikuwa doña Ludovina Melenciano, mwalimu wa maadili, mwanamke aliyeweza kunusa busu kutoka ghorofa ya pili. Wa tatu alikuwa Lisensiado Neftalí Cuevas, mtaalamu kutoka wilayani, aliyekuja na mkoba uliokuwa na mkoba mwingine ndani yake. Wa nne alikuwa mwakilishi wa jamii, mstaafu mmoja wa hapa mtaani ambaye jina lake halina umuhimu, na ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao na kukubaliana.

Walikaa mara tatu. Kwa kuwa mabomba ya shule hayakuwa na maji, kila kikao kilianza kwa wajumbe kunawa uso na mikono katika ndoo moja na kujifuta kwa taulo moja, taulo la serikali, lenye nembo ya wilaya. Kikao cha tatu kilitoa matunda. Neftalí ndiye aliyeyaona, chini kabisa ya ukurasa wa tisa wa Kanuni za Sare: shati la bluu litachomekewa ndani ya suruali ya kaki, mvulana kwa msichana, na mkanda utaonekana, kuanzia langoni hadi kengele ya mwisho.

"Waheshimiwa," alisema Neftalí akivua miwani taratibu, "tumbo la miezi saba halichomekeki."

Doña Ludovina alijipiga ishara ya msalaba kwa shukrani.

"Kwa hiyo anayekataliwa si msichana," Fulvio alisema.

"Hasha. Msichana tunamkaribisha kwa mikono miwili. Ni shati."

Waliipitisha kwa kura zote nne.

Asubuhi iliyofuata Fulvio alisimama langoni mwenyewe, pembeni ya Bolo, mlinzi wa lango, kuona uamuzi ukitekelezwa. Wavulana waliingia mmoja mmoja. Wandel, nahodha wa timu ya besiboli, alipita shati limechomekewa sawasawa, mkanda unang'aa. Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Yokeiri alikuwa wa Wandel, na jambo hilo lilijulikana hadi kwa mbuzi wa jirani. Ila Kanuni za Sare hazikuwa na kifungu kinachomhusu. Wiki hiyohiyo alipewa cheti cha unadhifu.

Kisha akaja Yokeiri, akihema kidogo kwa mlima, vitabu kwapani.

"Simama hapo, mama," alisema Bolo, akiangalia viatu vyake mwenyewe. "Shati."

"Shati limefanya nini, don Bolo?"

"Liko nje."

"Liko nje kwa sababu mtoto yuko ndani."

Fulvio alikohoa kikohozi cha ofisini. "Binti, usilichukulie jambo hili kibinafsi. Shule inakupenda. Si wewe uliyekataliwa, ni shati."

"Basi nalivua nikuachie, mwalimu, mimi niingie."

Foleni nzima iliangua kicheko. Bolo alijigeuza ukutani, mabega yakimtikisika.

"Usiniletee utani!" alifoka Fulvio. "Kanuni ni kanuni. Ukiweza kulichomekea, karibu. Ukishindwa, daftari litaandika hukuhudhuria."

Hapo Yokeiri aliacha kucheka. Anayekosa zaidi ya siku ishirini hafanyi mtihani wa taifa, na asiyefanya mtihani wa taifa hana cheti, na asiye na cheti anabaki kumenya ndizi jikoni kwa watu. Yeye alikwishakosa kumi na moja, kwa kliniki na kwa kutapika. Zilibaki tisa.

"Mwalimu, nimebakiwa na siku tisa tu," alisema polepole. "Nikisimama hapa nje siku kumi, nimekwisha."

"Kamati italitafakari," alisema Fulvio. Aliingia ndani, akiwa na amani kabisa. Hakuna mtu aliyefukuzwa.

Yokeiri aliandika barua. Ilikuwa barua fupi, yenye mwandiko mzuri na haja tatu: aruhusiwe shati la nje, darasa lake lishushwe kutoka ghorofa ya juu, na akijifungua apelekewe masomo nyumbani mpaka mtihani wa Juni. Chini yake alinakili kifungu cha sheria, neno kwa neno. Kamati ilinawa, ikajifuta, ikakaa. Ilijibu kwamba shati ni suala la nidhamu, ghorofa ni suala la uhandisi, na masomo ya nyumbani ni suala la usafiri. Kuhusu sheria, ilimshukuru kwa kuonyesha moyo wa kusoma.

Aliandika ya pili. Ilijibiwa kwamba barua ya kwanza imeshajibiwa. Aliandika ya tatu, nayo ilipewa namba.

Siku zikabaki sita.

Siku hiyo ndiyo Fulvio alipoamka na jicho la kushoto limefumba. Kwenye kope la juu kulikuwa na kitu chekundu, cha mviringo, kimevimba kama harage. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni kwa jicho lililobaki na moyo ukamwenda mbio, kwa kuwa alizaliwa Hato Limón, na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua chokea inatoka wapi. Mjamzito akitamani kitu na wewe ukamnyima, inakuota jichoni. Hakuna njia nyingine inayojulikana. Na haiponi mpaka umpe.

Alivaa miwani ya jua na kupita upande wa pili wa barabara, lakini mbele ya duka la Chago wazee walikuwa kwenye dhumna, na wazee wa dhumna wana macho ya mwewe.

"Lisensiado!" aliita Chago. "Jua limetoka upande gani leo?"

"Mzio," alisema Fulvio. "Vumbi."

"Vua tuone hilo vumbi."

"Nina kikao."

"Oye, umemnyima nani?" aliuliza mzee mwingine, akibamiza kete mezani. "Maana mke wangu amefunga kazi tangu miaka ya themanini, si yeye!"

Walicheka hadi dhumna ikamwagika. Fulvio alitembea haraka akiwa wima kabisa, jinsi anavyotembea mtu ambaye hakimbii.

Kesho yake doña Ludovina alikuja na shela usoni. Keshokutwa yake Neftalí alipiga simu kutoka wilayani, akisema anaona nusu ya ripoti. Mjumbe wa nne naye inasemekana alipata, ila chokea yake haikuingia kwenye kumbukumbu za kikao, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiziandika.

Walimwita daktari wa kliniki, kijana aliyetoka mji mkuu. Alifunua kope, akatazama ndoo, akatazama taulo, na haikumchukua hata dakika moja.

"Ni taulo," alisema. "Mnaambukizana. Lichemsheni, kila mtu awe na lake, na mpake hii dawa."

Kamati ilimtazama kwa huruma.

"Daktari," alisema Neftalí, "taulo hilo ni mali ya serikali. Lina nembo."

"Vijidudu havisomi nembo."

"Kijana," alisema doña Ludovina, "mama yako anajua unaongea hivi?"

Daktari aliacha mirija mitatu ya dawa mezani, akatafakari, akaongeza wa nne, akaenda zake. Kamati iliandika kwamba sayansi imesikilizwa. Siku zilikuwa zimebaki tatu.

Fulvio hakuwa mjinga. Aliona njia. Mjamzito anatamani vitu vya kula, hilo kila mtu analijua, hivyo ukimshibisha umemaliza madeni yote ya jicho. Siku mbili baadaye alimtuma Bolo mlimani kwa bibi yake Yokeiri, doña Nicasia, na bakuli la pastelito za nyama zilizokaangwa, jibini la kukaanga, maembe mabichi na chumvi yake, na mtungi wa juisi ya pesheni. Yokeiri alikuwa amejilaza kitandani na kitabu cha fizikia juu ya tumbo.

"Baraka, bibi," aliita kutoka chumbani aliposikia mlango. "Nani huyo?"

"Mungu akubariki, mwanangu. Ni shule. Imekuletea maembe."

"Mwambie asante, sitamani maembe."

Doña Nicasia alimgeukia Bolo. "Umesikia. Hatamani maembe. Kaa chini wewe, ule nami." Walikaa wakala pastelito zote, mmoja huku, mmoja huku, na baina ya mate na mafuta Bolo akamweleza habari ya macho. Jicho la mwenyekiti. Jicho la Ludovina. Nusu ya ripoti ya wilaya.

Doña Nicasia alifuta mikono kwenye aproni. Hakucheka. Alikwenda mlangoni pa chumba akaegemea fremu.

"Yoke, zile barua zako. Uliandika unahitaji, au unatamani?"

"Niliandika nina haki, bibi."

"Ndiyo maana. Hao hawaogopi haki, mwanangu. Haki haivimbi."

Yokeiri aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Unajua mtu wa hesabu anapoona jibu: hasemi kitu, anavuta tu pumzi.

Asubuhi yake Naibu Waziri alifika. Alikuja na magari matatu, runinga, na bango la shaba kwenye sanduku la mahameli. Ilikuwa siku ya mwisho. Daftari likiandika tena kesho yake kwamba Yokeiri hakuwepo, mtihani umemponyoka. Shule ilikuwa imepigwa chokaa hadi usawa wa mkono wa kamera. Fulvio, Ludovina na Neftalí walisimama mstari mmoja, wote na miwani myeusi, kama kundi la muziki lililokosa ala. Mjumbe wa nne alisimama nyuma ya bendera.

"Mbona nyote mmevaa miwani?" aliuliza Naibu Waziri.

"Ni kuonyesha mtazamo wa pamoja, Mheshimiwa," alijibu Neftalí.

Naibu Waziri alifungua kinywa aanze hotuba, kisha akakifunga. Nje ya uzio, kando ya mlango, alisimama msichana mwenye shati la bluu la nje na tumbo lililofika kabla yake. Pembeni yake alikuwa bibi mmoja, na nyuma ya bibi walikuwa wanawake wapatao arobaini, wengine na mabeseni kichwani, kimya kabisa. Wanawake arobaini wa Hato Limón wakiwa kimya ni kitu ambacho hakijarekodiwa kabla wala baada.

"Yule nani?"

"Mpita njia, Mheshimiwa," alisema Fulvio.

"Amevaa sare yenu."

"Mpita njia mzalendo."

Lakini kamera ilikwishageuka, na Naibu Waziri hakuwahi katika maisha yake kubaki nyuma ya kamera. Alikwenda hadi kwenye uzio, tabasamu likiwa limetangulia.

"Binti yangu! Serikali iko hapa. Sema, unahitaji nini?"

Jasho lilimtoka Fulvio chini ya miwani. Jibu lolote la haki alikuwa nalo tayari mfukoni, limepigwa chapa.

"Sihitaji kitu, Mheshimiwa," alisema Yokeiri kwa upole. "Mahitaji niliyaandika, yakajibiwa. Mimi nina hamu tu. Ya mimba."

"Ah!" Naibu Waziri alicheka kwa furaha. Alizaliwa mlimani, mama yake alizaa kumi na mmoja. "Hamu ya nini? Embe? Udongo? Mama yangu alikuwa anatamani chaki!"

"Na mimi natamani chaki. Ikiwa ubaoni."

Tabasamu la Naibu Waziri lilipungua kidogo.

"Natamani kukaa darasani shati likiwa nje," Yokeiri aliendelea, na sauti yake sasa ilitetemeka, kwa kuwa haikuwa hadithi kwake. "Natamani darasa la chini, magoti yananiuma. Natamani nikishajifungua niletewe masomo, na nipate mahali pa kumnyonyesha mwanangu nisifichwe stoo. Natamani siku ishirini walizonihesabia zisihesabiwe. Natamani mtihani wa Juni, Mheshimiwa. Natamani sana mpaka usiku silali. Nimeomba, na nimenyimwa."

"Umenyimwa na nani?"

Yokeiri hakumwonyesha mtu kwa kidole. Alifunzwa adabu. Doña Nicasia ndiye aliyesema, bila kupaza sauti, "Wavue miwani."

Naibu Waziri aligeuka. "Vueni."

"Mheshimiwa, itifaki..."

"Vua, bwana!"

Walivua. Mpiga picha wa runinga aliachia ukelele mdogo. Macho matatu, mekundu, yamevimba, mstari mmoja, na juu yake bango la shaba likimetameta Shule Isiyo na Mimba. Wanawake arobaini walivuta pumzi kwa pamoja. Mjumbe wa nne alikuwa akiichunguza kamba ya bendera.

Naibu Waziri aliweka kiganja juu ya jicho lake la kulia. Kisha akakumbuka ana mawili, akaweka na cha pili. Akiwa amejifunika hivyo, mbele ya taifa zima, alipiga kelele: "Kalamu! Nipeni kalamu! Apewe! Apewe vyote! Nani ana karatasi?"

Hakukuwa na karatasi. Waraka uliandikwa nyuma ya cheti cha bango, juu ya mgongo wa Neftalí, na ulisainiwa ndani ya dakika nne, muda ambao kwa kawaida wizara hutumia kutafuta kofia ya kalamu. Uliwahusu wanafunzi wajawazito wote, kutoka pwani hadi mpakani: shati huru, darasa la chini, chumba cha kunyonyesha, masomo nyumbani, na mahudhurio yasihesabiwe dhidi ya tumbo. Katibu wa Naibu Waziri aliongeza kifungu cha mwisho ili kope za wakubwa zipate uhakika zaidi: mamlaka yoyote iliyonyima itafidia vipindi vilivyopotea kwa nafsi yake, nyumbani kwa aliyenyimwa, na itamlea mtoto kwa muda wote wa mtihani.

"Mamlaka iliyonyima ni nani?" aliuliza Naibu Waziri kutoka nyuma ya viganja.

"Ni kamati," alisema Fulvio.

"Mwenyekiti wa kamati?"

Fulvio aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Watu wote walikuwa wanamtazama kwa macho mazima.

Jicho lake lilipona baada ya siku nne. Mtaa ulisema ni waraka. Daktari alisema ni dawa, kwa kuwa mirija yote minne ilikuwa imetoweka mezani. Lakini daktari hakuwa na kura.

Basi, kila alasiri saa tisa, Lisensiado Fulvio Peguero alipanda mlima na chaki mfukoni kumfundisha Yokeiri hesabu. Ukutani ofisini alikuwa na shahada ya hesabu. Darasani hakuwa ameingia kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza aliandika mlinganyo ubaoni kwa mkono wa kujiamini, akahamisha tarakimu kutoka upande huu hadi upande ule, akapata jibu ambalo lingefanya shule iwe na wanafunzi hasi.

"Mwalimu," alisema Yokeiri akijipepea na daftari, "ukivusha lazima ubadilishe alama."

"Nani kasema?"

"Hesabu imesema."

"Ofisini tunavusha bila kubadilisha chochote."

"Tunajua," alisema doña Nicasia, akimwekea kikombe cha kahawa.

Akafundishwa. Mwisho wa Aprili alikuwa anafika sita kwa kumi, na alianza kuulizia kesho watafanya nini. Mei mtoto alizaliwa, msichana, mapafu ya mnadi, akaitwa Nicauris. Na wiki ya pili ya Juni mtihani wa taifa ukafika, saa tatu hadi saa sita, na asubuhi hiyohiyo saa nne, kwenye ukumbi wa wilaya, Mkuu mpya wa Elimu alikuwa anaapishwa. Jina la Fulvio lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Alikwishanyoosha suti.

Saa tatu kasoro robo Yokeiri alimkabidhi Fulvio mtoto kwenye korido. "Nimemnyonyesha. Akilia, mtembeze. Asipolia, usimguse."

"Nitamwacha kwa doña Ludovina nusu saa tu, nile kiapo, nirudi."

"Ludovina ana mafua. Na waraka unasema wewe."

Alikaa kwenye benchi na suti yake. Saa nne kasoro dakika tano Nicauris alilala, shavu kwenye tai ya hariri, ngumi imeshika kola. Fulvio alijaribu kunyanyuka. Mtoto alikunja uso. Kupitia dirishani alimwona Yokeiri ameinama juu ya karatasi, shati nje, kalamu inakimbia, na ule mlinganyo wa siku ya kwanza, uleule aliousahihisha binti huyo, ukamjia akilini kama ngumi. Kilio kimoja tu na kalamu ile ingesimama. Fulvio aliketi tena, polepole sana.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Ukumbini waliliita jina lake mara tatu. Bolo alikuwa ametumwa kupeleka barua ya udhuru, na kwa kuwa ndiye pekee aliyesimama pale mbele, shati limechomekewa, mkanda unaonekana, wakamwapisha yeye. Mpaka leo Bolo ni Mkuu wa Elimu wa wilaya na hakuna tofauti iliyoonekana.

Yokeiri alipata tisini na nne kwa mia katika hesabu. Hapa ndipo hadithi...

"Uongo."

Nilikuwa naisimulia hii mbele ya duka la Chago, kama nilivyoisimulia mara nyingi, na sikumwona Yokeiri mwenyewe amesimama nyuma yangu, sare nyeupe ya uuguzi, mtoto wa miaka miwili mkononi.

"Bolo hajaapishwa popote," alisema. "Bolo yuko langoni, nimempita sasa hivi. Aliyepewa cheo ni shemeji yake Naibu Waziri."

"Nilirahisisha kidogo, mama," nilisema. "Kwa wasikilizaji."

"Sawa. Na mjumbe wa nne?"

Nilivuta kiti changu mbele.

"Nani?"

"Mjumbe wa nne. Mstaafu wa hapa mtaani. Anayeandika kumbukumbu. Jina lake ni nani, mzee?"

Chago alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Nilisema jina lake halina umuhimu.

"Alipiga kura ngapi?"

"Moja tu. Kura zote zilikuwa nne, hata angekataa..."

"Alikataa?"

Nilitazama kete zangu. Nilikuwa na mkono mzuri siku hiyo, mkono wa kushinda.

"Waraka ulisema mamlaka yoyote iliyonyima," alisema Yokeiri. "Mwalimu Fulvio amelipa. Bado anakuja Jumamosi kumfundisha huyu kuhesabu. Doña Ludovina anashona nguo za watoto wa chumba cha kunyonyesha. Wewe miaka miwili unalipa kwa maneno." Akamkalisha Nicauris magotini pangu, na mfuko wa nepi juu ya kete zangu. "Nina mtihani wa anatomia hadi saa kumi. Ameshakula. Akilia, mtembeze."

Saa hizi ni saa tisa na nusu. Tumekwishatembea hadi mtoni mara tano.